Kilo Sitini na Moja

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, Mama alirudi kutoka kliniki. Alivua viatu mlangoni, akavigonganisha kutoa vumbi, akaingia jikoni na kuketi kwenye kiti chake, ambacho kililia kidogo kama kawaida. Alikuwa amekufa tangu mwaka uliopita. Binti yake akampa glasi ya maji.

"Leo manesi walikuwa wawili tu," Mama alisema. "Mmoja anapima, mwenzake anachezea simu. Nimekaa kwenye lile benchi mpaka makalio yamekuwa ubao."

"Lakini umepimwa?"

"Nimepimwa. Kilo sitini na moja, na presha ileile. Nakula sinenepi. Sijui chakula chako kinakwenda wapi."

"Kinakwenda kwa mjukuu wako."

"Huyo mke mwenzangu? Hebu mwite nimwone."

Msichana alikuja mbio kutoka chumbani, akafungua mdomo kuonyesha jino la mbele lililoota. Alikuwa ameshalionyesha mwezi uliopita, na mwezi wa kabla ya huo. Bibi akapiga makofi, akasema sasa kwisha habari yake, mume wao atamwacha yeye kibogoyo na kumchukua huyu mwenye meno mapya. Msichana akacheka mpaka akakaa chini. Alipenda kuwa na bibi wa namna hiyo. Watoto wengine hushangiliwa mara moja tu.

Mama alikuwa amekufa hospitalini tu. Kliniki alikuwa bado hai. Hospitali ilikuwa na kompyuta zake, kliniki nayo ilikuwa na zake, na kompyuta hizo ziliishi kama majirani waliogombana kwa sababu ya mtaro: hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mtaani jambo hilo halikuwa geni. Mume wa mwalimu alikuwa amekufa kila mahali isipokuwa maktaba, kwa hiyo alipita mara mojamoja na kitabu kwapani, akaomba aongezewe muda, akaenda zake. Dada wa fundi umeme alikuwa hai kwenye kampuni ya simu peke yake. Huyo hakuonekana, alisikika tu.

Aliyerudi hivyo alijua yale tu yaliyojulikana mahali alipokuwa bado hai. Mama alijua uzito wake, presha yake, vidonge vyake vya asubuhi na jioni, tarehe ya kurudi. Alijua kwamba anaishi na binti na mjukuu mmoja, na kwamba mwili wake haupatani kabisa na sindano ya penisilini. Hilo liliandikwa kwa wino mwekundu. Ukimweleza jambo jipya alilipokea vizuri, akalijadili, na mwezi uliofuata alikuwa hana habari nalo. Tabia haikuandikwa popote kwenye kadi, lakini tabia ni ngozi, na ngozi alikuwa nayo.

Kwamba amekufa, hakujua. Kliniki haikujua, angejuaje yeye?

Binti yake aliitwa Kifungo tangu utotoni. Aliwahi kumeza kifungo cha shati la baba yake, na ukoo mzima ukakaa kukisubiri kitoke. Kikatoka, jina likabaki. Na kwa kuwa mwanamke akishazaa watu huona jina lake mwenyewe halina kazi tena, mama yake akawa Mama Kifungo: sokoni, msibani, na kliniki pia. Nesi aliyemwandikisha mara ya kwanza alikuwa wa mtaa huohuo. Hakumuuliza jina, alilijua.

Kwenye kitambulisho Mama alikuwa na jina jingine, zuri, alilopewa na bibi yake, ambalo lilikuwa limekaa miaka mingi bila kuguswa. Siku alipoanguka sokoni, watu wema walimbeba mpaka hospitali. Kadi ya kliniki ilikuwa nyumbani kwenye droo, maana haikuwa Alhamisi. Kwenye mkoba kulikuwa na kitambulisho. Nesi wa zamu, ambaye alikuwa nesi mzuri, alipiga simu kliniki na kuuliza kama wana mgonjwa mwenye jina hilo. Kliniki walitafuta, wakajibu kwamba hawana. Basi akachomwa sindano. Kifungo alipofika, shuka lilikuwa limeshavutwa mpaka juu. Hospitali iliandika kwamba moyo wake ulisimama, jambo ambalo ni kweli kwa kila aliyekufa.

Kazi ya Kifungo ilikuwa kuunganisha kumbukumbu.

Kitengo chao kilikuwa ghorofa ya tatu, meza sita na dirisha moja linalofunguka. Hospitali na kliniki zilitakiwa kuwaletea kumbukumbu za watu, lakini bila watu. Majina hayakuruhusiwa kufika pale. Kila upande ulichukua jina la mgonjwa, tarehe yake ya kuzaliwa, jina la mama yake na mtaa anaokaa, ukavikatakata vipande vidogo, ukavichanganya na neno la siri ambalo kitengo hakikulijua, kisha ukavisaga. Kilichofika kwenye skrini ya Kifungo kilikuwa mkanda wa vijiraba, yaani miraba midogo sana, vyeusi na vyeupe. Unga haurudi kuwa mahindi. Kompyuta iliweka mkanda wa hospitali kando ya mkanda wa kliniki na kuilinganisha. Iliyofanana sana iliunganishwa, iliyotofautiana sana iliachwa, na ile ya katikati, ambayo kompyuta ilishindwa kuamua, ilipelekwa kwa Kifungo. Yeye alibonyeza NDIYO, HAPANA au SINA HAKIKA.

Alikuwa anaiamini kazi hiyo. Zamani, kabla ya kusaga, orodha ya wagonjwa iliwahi kuvuja, na mwanamke mmoja wa mtaa wa pili akafukuzwa nyumba na mwenye nyumba aliyesoma asichopaswa kusoma. Kwa hiyo ukutani kulibandikwa kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna kujua nani ni nani. Ya pili: namba yoyote iliyo chini ya kumi isichapishwe kwenye ripoti, iwekwe kistari, maana watu wakiwa wachache hutambulika.

Lakini macho ni macho. Anayepeta mchele kila siku huiona chuya bila kuambiwa. Baada ya miaka miwili Kifungo aligundua kwamba baadhi ya mikanda ya kliniki, kwenye sehemu ya jina, ilikuwa na vijiraba vinne vyeusi vilivyokaa kama miguu ya kiti. Vilikuja tena na tena, na kwa wanawake tu. Alielewa kabla hajataka kuelewa. Hao walikuwa ni wale walioandikwa Mama Fulani. Hakumwambia mtu.

Kila jozi ya namna hiyo ilikuja na habari ileile: tarehe zinakubaliana, mtaa unakubaliana, jina la mama mzazi linakubaliana, jina lenyewe halikubaliani hata kidogo. Mtu yeyote mwenye akili angebonyeza NDIYO. Nayo sehemu ya hospitali ikiwa imeandika kifo, ikiunganishwa, kifo kingehamia kliniki, na Alhamisi inayofuata kuna jiko ambamo kiti kisingelia.

Hakujua ni ipi ya mama yake. Hakukuwa na njia ya kujua. Kwa hiyo tangu Mama aanze kurudi, Kifungo alizibonyeza zote SINA HAKIKA, na zote zikakaa kwenye foleni yake, na foleni ikawa ndefu.

"Hii foleni yako inazaa," Mkuu wa kitengo alimwambia. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta moja la kijivu, aliyeomba radhi hata kwa mlango.

"Ni jozi ngumu, mkuu."

"Najua. Ila ripoti inakaribia. Ile hesabu ya watu waliokatazwa sindano upande mmoja, wakachomwa upande wa pili, wakafa, kwa hospitali yetu tunao wanne. Wanne ni kistari. Wakifika kumi tutaandika kumi, na wakubwa hawawezi kuikalia kumi. Wataiuliza hospitali."

"Na wasipofika?"

"Basi ni kistari," alisema, akaomba radhi, akaenda.

Kifungo alipiga hesabu hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na hakuipenda.

Jirani wa mlango wa kulia alikuwa fundi cherehani, Mama Pacha. Alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani, na mwili wake, kama wa Mama, haukupatana na penisilini. Walilijua hilo wakiwa bado wasichana, wakalifanya kuwa undugu. Jumatatu moja Mama Pacha alipata homa ya mapafu, akazimia juu ya gauni la bibi harusi, na watoto wake wakamkimbiza hospitali na kitambulisho chake mkononi. Nesi alipiga simu kliniki. Kliniki hawakuwa na mtu wa jina hilo. Wakaandika sindano.

Alirudi nyumbani mwisho wa wiki, amekonda, anacheka.

"Unajua nilichoponea?" alimwambia Kifungo juu ya ukuta wa uani. "Siku hiyo dawa ilikuwa imeisha! Kabati tupu! Mara zote tunawatukana dawa ikiisha, na mimi ndiyo iliyoniokoa. Wakanipa vidonge vya namna nyingine. Nilipozinduka nikawauliza, mlitaka kunichoma nini? Waliponitajia, homa yote ikanitoka."

"Mlango huohuo," Kifungo alisema.

"Huohuo, mwanangu. Kitanda kilekile nadhani. Mama yako amenipisha tu."

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikafika. Mama akavua viatu, akavigonganisha, kiti kikalia. Alilalamikia foleni. Alishangilia jino. Kifungo alimtuma mtoto nje akacheze, akaketi upande wa pili wa meza.

"Mama, kuna jambo nataka kukwambia."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Basi litakuwa dogo. Sema."

"Umekufa."

Mama alinywa maji, akaweka glasi chini.

"Lini?"

"Mwaka jana. Mvua zilikuwa zinaanza."

"Ndiyo maana sinenepi." Alijitazama mikono, upande wa juu na upande wa viganja. "Mlinizika vizuri?"

"Vizuri. Watu walijaa mpaka kwa Mama Pacha."

"Gauni gani?"

"Hatukukuzika na gauni, Mama."

"Nauliza lipi mlimpa mtu. La bluu msimpe dada yangu, anatanua mishono."

"Tulimpa Mama Pacha."

"Afadhali." Akasogeza glasi kando. "Nilikufa kwa nini?"

"Sindano ya penisilini."

Hapo ndipo Mama alipokasirika. "Lakini niliwaambia! Imeandikwa kwa wino mwekundu, nimeuona mwenyewe!"

"Uliwaambia wa kliniki. Hospitali walikutafuta kwa jina la kitambulisho. Kliniki wewe ni Mama Kifungo."

Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akamrudishia nyuma ya sikio unywele uliotoka kwenye kitambaa, kama alivyofanya kila siku ya shule.

"Sasa unalia nini? Jina zuri. Nimelivaa miaka yote na sikulichoka."

"Lilikuua."

"Sindano iliniua, usijipe vyeo. Halafu?"

Kifungo akamweleza yote: mikanda, miguu ya kiti, foleni, wanne, kumi, Mama Pacha na kabati tupu. Mama alisikiliza kama alivyosikiliza mashitaka ya watoto, kichwa upande mmoja.

"Kwa hiyo umezuia mama za watu wote kwa ajili ya kiti kimoja."

"Ndiyo."

"Unganisha."

"Nikikuunganisha hutarudi."

"Kwani sasa nimerudi? Kila mwezi nakaa foleni, napimwa, naambiwa njoo tena. Hata vidonge wananipa vya nini? Na nyie mnalijua jino la mtoto huyu, mimi silijui." Kumbe alikuwa ameuona uso wa Kifungo wakati wa kushangilia, na alikuwa mama, hakuhitaji kadi kuelewa. "Ni la tangu lini?"

"Mwezi wa nne sasa."

"Mnanifanya mjinga jamani," Mama alisema, akacheka mpaka akajifuta macho. "Unganisha, Kifungo. Na uwahi, maana nikitoka hapo mlangoni nitasahau, na mwezi ujao itabidi uniue upya. Hutaweza mara mbili, nakujua."

Walikunywa chai. Mama akamwita mjukuu, akamkagua kucha, akamwambia mume wao sasa ni wake peke yake, asimwonee. Kisha akasema, "Mwambie Mama Pacha ashone maneno ya kukataa penisilini kwenye kola, kwa ndani, kwa uzi mwekundu. Kadi husahaulika nyumbani. Nguo mtu hasahau." Akavaa viatu. Alipofika barabarani aligeuka na kupunga mkono kama mtu anayekwenda dukani, na kwa namna alivyopunga ilionekana ameshasahau.

Kesho yake Kifungo alifika kazini mapema, akafungua foleni yake. Hakufanya haraka. Kila jozi aliitazama kuanzia mwanzo wa mkanda mpaka mwisho, akailinganisha kijiraba kwa kijiraba kama inavyotakiwa, kisha, kwa kuwa hakujua ipi ni yake, kila moja akaiaga kimoyomoyo kama vile ndiyo. Akabonyeza NDIYO. Alipomaliza, chai iliyokuwa mezani ilikuwa imepoa na kuweka utando. Mkuu wa kitengo alipita, akamwona macho yake, akamfungulia dirisha, akaomba radhi.

Alhamisi iliyofuata ya kwanza ya mwezi foleni ya kliniki ilikuwa fupi, na manesi walifurahi.

Hesabu ilitoka wiki ile. Mkuu wa kitengo aliileta mwenyewe.

"Tisa," alisema.

Kifungo aliitazama namba hiyo. Alifikiria kwamba wa kumi angekuwa Mama Pacha, kama kabati lisingekuwa tupu. Aliona haya kwa kufikiri hivyo, halafu akashukuru, halafu akaona haya tena.

"Andika tisa, mkuu."

"Chini ya kumi. Unaijua kanuni."

"Inamlinda nani?"

"Wagonjwa."

"Wamekufa, mkuu."

"Hata marehemu ana siri yake," Mkuu alisema taratibu, na alimaanisha. "Mwakani pengine."

"Mwakani mnaanza kuhesabu upya kutoka sifuri."

"Ndiyo," alisema Mkuu, na safari hii hakuomba radhi, kwa sababu alikuwa ameshaondoka.

Ripoti ilichapishwa. Ilikuwa na kurasa arobaini na jalada la kijani, na kwenye ukurasa wa thelathini na moja, mbele ya jina la hospitali, kulikuwa na kistari. Tarishi alikuja kuichukua aipeleke chumba cha kumbukumbu, chini kabisa ya jengo. Alijaribu kuinyanyua, ikamshinda. Alileta wenzake watatu, wakaisukumiza kwenye toroli. Lifti ilipiga kengele ya uzito kupita kiasi na kugoma, kwa hiyo tarishi akatoka, akaibonyezea kitufe, akaiacha ishuke peke yake, yeye akapita ngazi. Mkurugenzi alisema siku hizi wanaleta karatasi nzito mno, na akaagiza idara ya manunuzi ichunguze.

Chini, mtunza kumbukumbu aliiweka kwenye rafu ya mbao. Rafu ikapinda, kisha ikavunjika. Akaandika ombi, ikaletwa rafu ya chuma, ikafungwa ukutani kwa bolti. Hiyo ilihimili.

Mama Pacha alishona maneno kwenye kola zake zote, kwa uzi mwekundu, na kwenye za yeyote aliyeomba mtaani. Hospitali iliendelea kuuliza jina la kwenye kitambulisho, na kliniki iliendelea kujibu kwamba hawana mtu huyo.

Kifungo hakuacha kuomba ruhusa ya nusu siku kila Alhamisi ya kwanza. Saa nane alikuwa akishuka chumba cha kumbukumbu, anavua viatu, anaketi sakafuni, mgongo umeegemea rafu ya chuma, anamaliza chai yake. Mtunza kumbukumbu hakumuuliza. Kulikuwa na wengine waliokuja siku hiyo, mzee mwenye kofia na vijana wawili ndugu, na kila mmoja alikuwa na pembe yake ya kukaa. Hawakuulizana majina.

Siku moja alikwenda na mwanawe. Msichana alisimama mbele ya rafu, akafungua mdomo wazi, akaonyesha jino la pili, ambalo lilikuwa limeanza kuchungulia asubuhi ileile na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliona. Rafu ikalia kidogo.

"Amesikia," msichana alisema, akafunga mdomo.

Upande wa pili wa chumba mtunza kumbukumbu alikuwa juu ya ngazi, kamba ya kupimia mkononi, anapima ukuta. Mwaka ulikuwa umefika katikati, na alitaka rafu ya pili ya chuma iwe imeshafungwa kabla ripoti nyingine haijaja.